Urefu wa Krenki katika Baiskeli ya BMX

Baiskeli ya BMX, ambayo ni baiskeli ndogo yenye magurudumu ya inchi 20, ilizaliwa katika jimbo la Kalifornia nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale vijana walipoanza kuiga mashindano ya pikipiki kwenye njia za udongo. Tangu hapo imeingia katika Michezo ya Olimpiki, kwanza kwa mbio huko Beijing mwaka 2008, kisha kwa mtindo huru, yaani mashindano ya kuruka na kugeuka hewani, katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Wanunuzi wengi wa baiskeli hii huchunguza fremu, tairi na usukani kwa makini, lakini huikubali krenki yoyote waliyoikuta, ilhali krenki ndiyo inayopokea kila msukumo wa mguu na ndiyo inayoamua namna mwendeshaji anavyosimama juu ya baiskeli yake.

Krenki ni mkono wa chuma au alumini unaounganisha pedeli na ekseli inayopita katikati ya fremu. Urefu wake haupimwi kutoka ncha hadi ncha, bali kutoka katikati ya ekseli hiyo hadi katikati ya tundu linaloshika pedeli; mara nyingi kipimo hicho, kwa milimita, hugongwa upande wa ndani wa mkono karibu na tundu la pedeli, na kikiwa kimefutika, rula ya kawaida inatosha. Katika BMX ya mtu mzima kipimo kilichozoeleka ni milimita 175, ingawa zipo pia krenki za 170, 165 na fupi zaidi.

Wengi huamini kwamba krenki ndefu humpa mwendeshaji nguvu zaidi, na imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwa sababu krenki ni wenzo, na kadiri wenzo unavyorefuka ndivyo msukumo uleule unavyozungusha kwa nguvu kubwa zaidi. Mtu anayekanyaga kwa nguvu ya niutoni 400 huzalisha niutonimita 70 kwa krenki ya milimita 175 iliyolala sambamba na ardhi, na niutonimita 66 kwa ile ya milimita 165. Hata hivyo, faida hiyo ina gharama yake, kwani katika kila mzunguko mguu husafiri takriban sentimita 110 kwa krenki ya kwanza na sentimita 104 kwa ya pili, hivyo kinachoongezeka katika nguvu hupungua katika wepesi wa kuzungusha.

Jambo hili lilipimwa na watafiti James Martin na Waneen Spirduso, ambao mwaka 2001 walichapisha matokeo ya kuwajaribu waendesha baiskeli kwa krenki za milimita 120, 145, 170, 195 na 220. Ingawa tofauti kati ya krenki fupi kuliko zote na ndefu kuliko zote ilikuwa milimita 100 kamili, kiwango cha juu cha uwezo wa miguu kilitofautiana kwa takriban asilimia 4 tu. Kilichobadilika waziwazi ni kasi ya mzunguko iliyowafaa waendeshaji, ambayo ilishuka kutoka mizunguko 136 kwa dakika kwa krenki fupi hadi 110 kwa ile ndefu. Funzo la matokeo haya ni kwamba anayechagua kati ya 165 na 175 hachagui kuwa na nguvu au kutokuwa nazo, bali anachagua mwendo wa miguu, mkao wa mwili na nafasi ya kuchezea.

Kwa sababu hiyo, aina ya mchezo ndiyo inayopaswa kuulizwa kwanza. Katika mbio, mwendeshaji huanza akiwa amesimama tuli nyuma ya geti, na nusu mzunguko wa kwanza unaweza kuamua nani atatangulia kwenye kona, kwa hiyo watu wazima wengi hubaki na 175 au hata kuikaribia 180. Katika mtindo huru, mwendeshaji hukaa muda mrefu bila kukanyaga, pedeli zote mbili zikiwa usawa mmoja, na umbali kati ya miguu yake huwa mara mbili ya urefu wa krenki: sentimita 35 kwa krenki ya 175, na sentimita 33 kwa ya 165. Mkao mpana humpa uthabiti anapotua kutoka juu. Mkao mfupi, kwa upande wake, humrahisishia kuzungusha baiskeli chini ya mwili, na pedeli hubaki mbali zaidi na ardhi na kingo za saruji. Wanaocheza kwenye sakafu tambarare, ambao huzunguka mahali pamoja huku miguu ikipita karibu na gurudumu la mbele, ndio hasa wanaonufaika na krenki fupi.

Baada ya mchezo hufuata mwili. Watafiti waliotajwa walikadiria kwamba urefu unaofaa kwa kutoa uwezo wa juu ni takriban asilimia 20 ya urefu wa mguu, hivyo mguu wa sentimita 87 unaelekea 175, ilhali mtoto mwenye mguu wa sentimita 65 anahitaji takriban milimita 130. Mtoto anayepewa krenki ya mtu mzima kwa matumaini kwamba atakua nayo hulazimika kukunja goti kupita kiasi katika kila mzunguko, na hujifunza mchezo kwa taabu isiyo ya lazima.

Mwisho, krenki haibadilishwi bila kufikiria giya. Anayetoka 175 kwenda 165 huku akibaki na meno 25 mbele na 9 nyuma ataona baiskeli imekuwa nzito kukanyaga kwa karibu asilimia 6; akipunguza jino moja mbele, sehemu kubwa ya uzito huo huondoka. Mwendeshaji mzima wa kimo cha wastani asiye na sababu mahususi na aanze na 175, mfupi zaidi na aanze na 170 au 165, na kila mmoja ajaribu krenki ya mwenzake kabla ya kununua, kwa kuwa kinachotafutwa ni mkao unaomwezesha kuimudu baiskeli, na si wenzo mrefu kuliko wote dukani.