Yaliyofichika Katika Nyumba Kuukuu za Garsen

Mto Tana una desturi moja ambayo wenyeji wa Garsen waijua vema, nayo ni kwamba hufurika hata mbingu za Garsen zikiwa kavu. Mvua inyeshayo Mlima Kenya na milima ya Nyandarua ndiyo iletayo maji, nayo hufika katika nchi tambarare ya chini baada ya siku kadhaa, yakiwa mekundu kwa udongo wa mashamba ya watu wengine. Yalifika hivyo mwaka 1961. Yakafika tena mwaka 1997 na 1998 wakati wa mvua za El Niño. Na katika siku za karibu yameonekana mwishoni mwa mwaka 2023, na tena mwezi wa Aprili na Mei mwaka 2024. Maji yakisha kupwa watu hurudi makwao, na kazi yao ya kwanza ni kutengeneza nyumba. Hapo ndipo hatari nyingine huanza, kwa maana nyumba iliyosimama majini na kubaki imesimama humdanganya mwenyewe, akadhani kwamba imepona.

Nyumba ya Muorma, ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, haifichi kitu. Ufito ukivunjika huonekana, na mkeka ukioza hutupwa. Vivyo hivyo nyumba ya zamani ya Mpokomo, iliyoezekwa nyasi toka juu hata chini, ilipochakaa ilibomolewa ikajengwa nyingine, wala hapana aliyelia kwa hasara. Nyumba ifichayo ni ile iliyopigwa lipu. Tena afadhali isemwe wazi kwamba nyumba hiyo ndiyo watu waionayo kuwa ya maendeleo: kuta za miti na udongo zilizofunikwa kwa saruji na kupakwa rangi, au nyumba ya matofali iliyojengwa zamani kwa ajili ya mwalimu, karani au tabibu, na ambayo sasa imeingia mkono wa tatu au wa nne.

NGUZO ILIYOKUFA IKISIMAMA

Tuanze na nyumba ya miti na udongo, kwani ndiyo iliyo nyingi. Nguzo yake haianzi kuoza juu karibu na paa, wala chini kabisa shimoni. Huoza pale usawa wa ardhi, kiasi cha shubiri moja juu na shubiri moja chini, mahali ambapo unyevu na hewa hukutana. Mchwa nao hupapenda papo hapo. Basi nguzo yaweza kuwa nzima kichwani na nzima mguuni, lakini kiunoni imebaki ganda tu, na ukuta mzima umesimama kwa kushikwa na lipu na kwa uzito wa paa. Siku lipu ikipasuka, au paa likiinuliwa na upepo wa kusi, hapana kitu cha kuushika.

Kuchunguza si kazi ya elimu kubwa. Mwenye nyumba na achukue msumari wa inchi nne, afukue kidogo mguuni mwa kila nguzo, kisha auchome ule msumari kwa nguvu ya mkono tu. Ukiingia kama unaoingia katika muhogo uliochemka, nguzo hiyo imekwisha. Na aigonge lipu kwa kifundo cha kidole toka chini kwenda juu. Penye sauti ya debe tupu, udongo wa ndani umekwisha kujitenga na lipu, na pengine umeporomoka na kujilundika chini.

Neno moja hapa ni la kutiliwa mkazo. Mara nyingi ukuta wa udongo hauanguki siku ya mafuriko, bali huanguka baadaye, maji yakisha ondoka. Maji yakiwapo nje na ndani huusukuma ukuta pande zote mbili sawasawa. Yakipwa, huacha ukuta uliolowa kama uji, wenye uzito mwingi na usio na nguvu. Kwa hiyo kulala ndani ya nyumba ya namna hiyo usiku wa kwanza wa kurudi, ati kwa sababu imestahimili maji, ni kufanya haraka pasipo faida. Kadhalika, kupiga lipu mpya ya saruji juu ya udongo ambao haujakauka ni kuufungia unyevu ndani. Nje huonekana pakavu na pazuri kwa miezi michache, na ndani nguzo zinaoza. Ukuta mnene huhitaji wiki nyingi za jua na upepo. Milango na madirisha na yaachwe wazi mchana, na lipu ya zamani ibanduliwe chini, kiasi cha mkono mmoja, ili ukuta upate kupumua.

Kosa hili la saruji halikuanzia Garsen. Mafundi wa Lamu, mji ambao mwaka 2001 ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, walijua tangu zamani kwamba ukuta wa matumbawe hupigwa chokaa. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Nyumba kadhaa za huko zilipokuja kupigwa saruji, maji na chumvi vilizuiliwa ndani ya kuta, na vichwa vya boriti za mikoko vilivyoingia ukutani vikaanza kuoza pasipo mtu kuona. Boriti ya dari haivunjiki katikati penye macho ya watu. Huvunjika ndani ya ukuta.

Nyumba za matofali za Garsen zina adui mwingine, nao ni udongo wenyewe. Udongo mweusi wa bonde hili hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, hata mtu aweza kutia mkono katika nyufa zake wakati wa kiangazi. Msingi usiokwenda chini vya kutosha huinuliwa na kushushwa kila mwaka, na nyumba hupata ufa uendao kama ngazi kutoka pembe ya dirisha. Je, ufa huo ni wa zamani uliotulia, au nyumba bado inatembea? Ichukuliwe karatasi nyembamba, ibandikwe juu ya ufa kwa gundi na kuandikwa tarehe. Ikipita masika na kiangazi bila kuchanika, ufa wazibwa. Ikichanika, kuziba ni bure, na fundi na aitwe atazame msingi. Wala haifai kusahau kwamba mto huu wenyewe huhama: mwaka 1989 uliacha njia yake karibu na Hola, na shamba kubwa la umwagiliaji la huko likakosa maji likasimama kwa miaka mingi.

MABATI YASIYO YA CHUMA

Hatari iliyo kubwa kuliko hizo haina ufa wala haitoi sauti. Katika miaka ya kabla ya uhuru wa 1963, na kwa muda baada yake, nyumba nyingi za watumishi, madarasa na zahanati katika Kenya ziliezekwa kwa mabati ya asbesto. Yalisifiwa sana, na sifa hizo hazikuwa uongo: hayashiki kutu, hayaungui, hayana kelele wakati wa mvua, na nyumba huwa baridi kuliko chini ya bati la chuma. Nchi ya joto kama Garsen ingeona nini bora zaidi?

Asbesto ni jiwe lichimbwalo ardhini, lakini ni jiwe lenye nyuzi kama za pamba. Nyuzi hizo zilichanganywa na saruji ili kuipa nguvu. Bati likiwa zima, nyuzi zimefungwa ndani ya saruji na madhara yake ni madogo. Likikatwa kwa msumeno, likivunjwa kwa nyundo, likisuguliwa kwa brashi ili kuondoa ukungu mweusi, au likimomonyoka kwa uzee, nyuzi hutoka zikaelea hewani. Ni nyembamba mno, jicho haliwezi kuziona. Mtu huzivuta katika pumzi zikakaa katika mapafu, na mwili hauna njia ya kuziyeyusha.

Madhara yake hayaonekani leo wala kesho. Ugonjwa huweza kuchukua miaka 20, 30 au hata 40 kabla ya kutokea: mapafu kuwa magumu na pumzi kuwa fupi, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyazunguka mapafu, ambayo haina dawa ya kuiponya. Avutaye tumbaku huzidisha hatari ya saratani ya mapafu mara nyingi. Habari hizi si mpya. Mwaka 1924 alifariki Nellie Kershaw, mwanamke wa miaka 33 aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto katika kiwanda cha Rochdale, Uingereza, na daktari W. E. Cooke akaandika habari za mapafu yake katika jarida la waganga. Hata hivyo ilichukua mpaka mwaka 1999 kwa Uingereza kupiga marufuku matumizi yote ya asbesto. Wenye viwanda walikuwa na faida ya kulinda, na wagonjwa walikuwa wakifa mmoja mmoja, majumbani kwao.

Hapa ndipo ukarimu hugeuka kuwa msiba. Jengo la zamani huezuliwa ili litiwe mabati mapya ya chuma, na yale ya asbesto, kwa kuwa yangali na nguvu, hugawiwa au kuuzwa kwa bei ndogo. Huyu huezekea jiko, yule banda la mbuzi, mwingine huyavunja vipande akajazia tope mlangoni mwake. Watoto huandikia ukutani kwa vipande, kwani huandika kama chaki. Wote hao hucheka kwa furaha ya kupata kitu cha bure. Nyoka akionekana darini, kijiji kizima huja na marungu. Vumbi hili likianguka toka dari ile ile, mama hulifagia kwa ufagio mkavu akiwa amembeba mtoto mgongoni.

Mtu atalijuaje? Bati la asbesto ni la kijivu, nene, zito, na mawimbi yake ni mapana. Likigongwa halilii kama chuma. Halipindiki, huvunjika kama sahani, na penye mvunjiko huweza kuonekana nyuzinyuzi. Lakini yako mabati mengine ya saruji yanayofanana nalo, na ukweli wa yakini hupatikana kwa darubini ya maabara tu. Basi kanuni iliyo salama ni hii: likiwa la kale na la namna hiyo, lihesabiwe kuwa ni asbesto. Tena mtu asipande juu yake kwa hali yoyote. Bati lililozeeka huvunjika ghafula chini ya mguu, na fundi akaanguka sakafuni.

Kanuni za Udhibiti wa Taka za mwaka 2006 zimeitia asbesto katika hesabu ya taka za hatari. Kazi ya kuiondoa na kuizika ni ya watu wenye leseni, na mamlaka ya mazingira, yaani NEMA, hupaswa kuarifiwa kwanza. Kazi ikifanywa sawasawa, mabati hulowanishwa kwa maji ili vumbi lisiruke, misumari na skrubu hutolewa pasipo kuvunja, bati huteremshwa kwa mikono wala halitupwi, hufungwa katika karatasi nene ya nailoni, likapelekwa mahali palipokubaliwa na kuzikwa. Wafanyao kazi huvaa vifaa vya kuchujia hewa vya namna maalumu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii nyuzi hizi. Nguo zao hazipelekwi nyumbani. Jambo hili lina sababu, kwani katika nchi za viwanda waliugua hata wake ambao hawakukanyaga kiwandani, ila walifua nguo za waume zao.

Yapo na mengine yaliyofichika, na haya yataelezwa kwa kifupi. Rangi ya mafuta ya zamani, iliyo milangoni na madirishani, huweza kuwa na risasi, ambayo hudhuru akili ya mtoto hata ikiwa kidogo. Kenya sasa hairuhusu zaidi ya sehemu 90 katika milioni. Rangi hiyo isikwanguliwe kavu wala kuchomwa moto. Ilowanishwe, na maganda yake yaokotwe yote. Na ghala la zamani lililowahi kuwekwa dawa za pamba au za mchwa lisigeuzwe chumba cha kulala, wala pipa lake lisitumike kwa maji ya kunywa, hata likioshwa mara saba.

Lililobaki ni gharama, na hapo ndipo wengi hukwama. Kumleta mwenye leseni mpaka Garsen ni fedha nyingi kuliko alizonazo mkulima wa mpunga au maembe. Lakini bati lililo zima juu ya paa, kama ilivyokwisha kusemwa, madhara yake ni madogo. Bati zima na liachwe lilipo, lisitobolewe, lisikatwe, lisisuguliwe. Lililovunjwa na mafuriko lilowanishwe, lifunikwe kwa turubai mbali na kisima na mahali pa watoto kuchezea, na pazungushiwe miiba. Kisha watu wa mtaa mmoja waandike barua moja kwa ofisi ya mazingira ya kaunti huko Hola, wakitaja hesabu ya mabati na mahali yalipo, maana gari moja la mizigo huweza kuchukua ya nyumba nyingi kwa safari moja. Nakala ya barua hiyo apewe chifu, na nyingine abaki nayo aliyeiandika.