Si Mtoto wa Tandu

Tangu Mji wa Serikali uzinduliwe Mtumba, Dodoma, mwezi Aprili 2019, kuchimba hakujakoma: misingi, mitaro, mashimo ya miche. Mvua za Desemba zikishaloweka ardhi, jembe huibua kidudu chembamba cha manjano kinachojinyonganyonga. Hukumu huwa moja: mtoto wa tandu huyo, ua kabla hajakua.

Hesabuni miguu kwanza. Tandu mkubwa anayeogopwa, wa jenasi ya Skolopendra, ana jozi 21. Mwanawe huanza maisha na jozi hizohizo. Hukua kwa kurefuka na kunenepa, haongezi miguu. Ukifika jozi ya 40 bado unahesabu, basi huyo ni mnyama mwingine, tena huenda ni mzee wa watu: tandu wa udongoni, wa oda ya Jiofilomofa. Kundi hili huanzia jozi 27. Mwenye miguu mingi kuliko wote ni wa visiwa vya Fiji, Gonibregmatus plurimipes, aliyeelezwa na Mmarekani Ralph Chamberlin mwaka 1920. Ana jozi 191, yaani miguu 382.

Cha ajabu, idadi ya jozi daima ni witiri. Utakuta 49 au 51, hukuti 50, kwa hiyo tandu mzima mwenye miguu 100 kamili hayupo. Watafiti waliochunguza mayai ya Strigamia maritima, tandu wa udongoni wa pwani za Ulaya, waliona pingili zikiumbwa mbili mbili. Hapo ndipo wanapotafuta sababu. Jenomu ya huyohuyo ilipochapishwa mwaka 2014, jeni zote zinazojulikana za kupokea mwanga hazikuonekana. Hana macho wala jeni hizo, lakini mwanga anaukimbia!

Kucha za sumu za tandu wa udongoni, ambazo asili yake ni jozi ya miguu ya mbele, zinatosha mabuu na minyoo. Ngozi ya mtu kwa kawaida hazitoboi.

Adui yake hasa ni ukavu. Ngozi yake haina nta ya kuzuia maji, na matundu ya kupumulia hayafungi sawasawa. Dodoma hupata mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, hivyo wakati wa kiangazi tandu huyu hushuka chini kwenye nyufa kufuata unyevu. Ndiyo maana sipendi mtindo wa kufagia chini ya miti ya ofisi mpaka ardhi ing'ae. Majani yale yaliyooza yangemhifadhia unyevu, na mche pia.

Mama hujiviringisha kuzunguka mayai yake; katika jamii nyingi za kundi hili huyaelekezea mgongo, wakati tandu mkubwa huyakumbatia kwa tumbo. Ukimfukua akiwa hivyo, mfunike upesi kwa udongo uleule, maana akisumbuliwa anaweza kuyala mwenyewe.