Kidonge Kinachoonewa Haya

Siongiroi, ambako tangu alfajiri pikipiki hupanda na kushuka zikipeleka maziwa kwenye mtambo wa kupozea, saratani ya umio si habari ya kusimuliwa kutoka mbali. Bomet, kaunti ya Kenya iliko Siongiroi, ni miongoni mwa sehemu za dunia ambazo maradhi haya huwapata watu kwa wingi usio wa kawaida, hata vijana wasiotimiza miaka 30. Na Hospitali ya Tenwek, iliyoasisiwa mwaka 1937, imekuwa kwa miaka mingi ikiwapokea watu ambao hata mate yamekataa kupita, na kuwatia ndani ya umio mrija wa waya utanukao wenyewe, ili wapate walau kumeza uji.

Juu ya mursik, yale maziwa ya kuchachuka, na chai ya moto, vinavyoshukiwa kuleta saratani hii, yamekwisha kusemwa mengi. Linalonishughulisha mimi leo ni adui mwingine, anayemvizia mgonjwa wakati wa matibabu yenyewe.

Mchukulie mama wa makamo aliyekwisha kupigwa mionzi na kutiwa dawa za saratani, kisha, kwa kuwa uvimbe umefika ubongoni, akapewa deksamethazoni kila siku kwa muda wa mwezi na zaidi. Siku moja, akipanda kutoka mtoni na ndoo isiyojaa, anasimama mara tatu katika njia aliyokuwa akiipanda bila kutua. Kikohozi chake ni kikavu, homa si kali, na tabibu akiweka chombo kifuani aghalabu hasikii kitu. Kifua kikuu kinapimwa, hakionekani. Huyu atasema chakula kimepotea njia kikaingia mapafuni, jambo litokealo kweli kwa wagonjwa wa umio. Yule atasema ni saratani imeenea, na jamaa watainamisha vichwa. Kumbe huenda ni kuvu iitwayo Pneumocystis jirovecii, ambayo mwili wenye siha huishinda bila mwenyewe kujua, lakini askari wa damu wakipunguzwa na dawa, huyajaza mapafu.

Mwaka 1909 Carlos Chagas wa Brazil aliiona akaidhania kuwa sehemu ya maisha ya kimelea kingine, na haikutambuliwa kuwa kuvu hadi mwaka 1988. Hata hivyo flukonazoli, iponyayo kuvu nyingine, haiifai kitu, kwa maana mafuta ambayo dawa hiyo huyalenga, kuvu hii hainayo. Dawa yake ni septrini, kidonge ambacho watu wamezoea kukiona kwa wenye ukimwi.

Na hapo ndipo penye msiba. Nimepata kumwona mgonjwa wa saratani akivificha vidonge vya septrini ndani ya debe la unga, asije jirani akadhani ana ukimwi. Laiti angalijua kwamba mwaka 1977, miaka minne kabla ukimwi haujaelezwa na matabibu, Walter Hughes wa Memphis, Marekani, alikuwa amekwisha kuthibitisha kinga ya dawa hiyo hiyo kwa watoto wenye saratani! Waama, mgonjwa wa saratani ana haki ya kale kwa kidonge hiki, tena ana haja nacho sana, kwa kuwa kwa mwenye ukimwi maradhi ya kuvu hii hutambaa kwa majuma, ilhali kwake huweza kumwangusha kwa siku chache, na huua zaidi.

Basi, ewe msomaji mwenye mgonjwa nyumbani, ikiwa ameandikiwa deksamethazoni au prednisoloni kwa majuma manne au zaidi, muulize tabibu kama anahitaji septrini ya kinga, na umwambie ikiwa dawa za salfa zimepata kumdhuru. Dawa alizoandikiwa asiziache ghafla kwa shauri lake mwenyewe. Na akianza kutweta kwa mwendo mfupi, usingoje siku ya kliniki: mpeleke siku hiyo hiyo, na uombe abanwe kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima hewa katika damu, kwanza akiwa ameketi, kisha baada ya kutembezwa ukumbini, maana mara nyingi ni katika hatua hizo chache hesabu huporomoka.

Kidonge chenyewe kipo, na bei yake ni ndogo.