Jirani Yako ni Nani? Sheria ya Kuwaangalia Wenzako Usiwadhuru

Mkulima hujifunza mambo mengi anapopewa shamba. Hujifunza kupanda kwa mistari, kuogesha ng'ombe na kulipa mkopo wake. Lakini iko sheria moja inayomhusu kila siku, na wengi hawaijui mpaka siku waitwapo kortini. Hiyo ni sheria ya kuwaangalia wengine wasipate madhara kwa sababu ya uzembe wako.

Tuchukue mfano. Mkulima amewapigia ng'ombe wake dawa ya kupe kwa bomba, na dawa kidogo imebaki. Mkebe wake umetoboka, basi anaitia dawa ile katika chupa ya soda na kuiweka jikoni karibu na dirisha. Kesho yake mtoto wa jirani anatumwa kuchukua maziwa. Jua ni kali, na mtoto ana kiu. Anaona chupa ya soda, anakunywa.

Mtoto anakimbizwa hospitali, na kwa bahati njema anapona. Lakini amelazwa siku nyingi na gharama ni kubwa. Baba yake anakwenda kwa mwenye dawa na kusema, "Ndugu yangu, nisaidie kulipa." Naye anajibu, "Mzee, mimi sikumpa mtoto dawa. Alichukua mwenyewe. Kosa langu ni nini?"

Je, jibu hilo ni la haki? Ili tulijue, yafaa kwanza tusikie habari ya chupa nyingine.

Konokono ndani ya chupa

Tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mama mmaskini aliyeitwa May Donoghue aliingia katika duka la vinywaji pamoja na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyenunua. Mama huyo aliletewa aiskrimu na chupa ya soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, na hakuna aliyeweza kuona ndani. Alikunywa kiasi. Kisha rafiki yake alipomimina soda iliyobaki, walisema, alitoka konokono aliyeoza. Mama Donoghue akaugua tumbo na kupata mshtuko.

Alitaka kumdai fidia mtengenezaji wa soda, Bwana David Stevenson. Lakini kulikuwa na shida. Siku zile watu wengi waliamini ya kuwa huwezi kumdai mtu ambaye hukununuziana naye. Mama Donoghue hakununua kitu kwa Stevenson. Wala hakununua kitu kwa mwenye duka, maana aliyelipa ni rafiki yake. Ilionekana kama hana pa kwenda.

Kesi ilipanda mpaka Baraza la Malodi mjini London, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Mwaka 1932 majaji watano walitoa uamuzi, watatu upande wa mama na wawili upande wa Stevenson. Walio wengi walisema ya kuwa mtengenezaji wa kinywaji ana wajibu kwa yule atakayekinywa mwishoni, hata kama hawajuani na hawajapatana lolote.

Lakini ile habari ya konokono yenyewe haikupata kuthibitishwa mbele ya mahakama. Stevenson alifariki, na mambo yakamalizwa kwa mapatano ya paundi 200. Kilichobaki ni kanuni, nayo imekwenda mbali kuliko konokono.

Jaji aliyeieleza kanuni hiyo ni Lord Atkin. Alikumbusha swali la katika Biblia, lile la mwanasheria aliyeuliza jirani yake ni nani. Jibu la sheria, alisema, ni hili: jirani yako ni mtu ambaye, ukifikiri vizuri, unaweza kuona ya kuwa atadhurika kwa lile unalofanya au unaloacha kufanya. Mtu huyo lazima umwangalie. Kenya ilirithi kanuni hizi kutoka mahakama za Uingereza, na mpaka leo korti zetu huzitumia.

Mambo manne ya kuthibitisha

Si kila aumiaye hupata fidia. Mwenye kudai lazima aonyeshe mambo manne.

Kwanza, mshtakiwa alikuwa na wajibu wa kumwangalia. Pili, hakutimiza wajibu huo, yaani hakufanya kama mtu mwenye busara ya kawaida angefanya. Tatu, madhara ya kweli yalitokea. Nne, madhara hayo yalitokana na uzembe ule, wala si na jambo jingine.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Je, mtu mwenye busara angeweza kuona ya kuwa mtoto atadanganyika kwa chupa ya soda? Bila shaka. Je, angetia sumu ndani yake na kuiacha mahali ambapo watoto wanapita? Hapana. Mtoto aliumia, na aliumizwa na dawa ile. Basi mambo yote manne yapo. Kusema "alichukua mwenyewe" hakumsaidii mwenye dawa, maana sheria inayohusu wenye nyumba na mashamba, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inamtaka mwenye mahali akumbuke ya kuwa watoto hawana uangalifu kama watu wazima. Kisima kisichofunikwa na shimo la choo lililoachwa wazi ni mambo ya namna hiyo hiyo.

Maji, mifugo na wafanyakazi

Yako mambo mengine ambayo sheria ni kali zaidi. Mwaka 1860, katika jimbo la Lancashire huko Uingereza, tajiri mmoja jina lake John Rylands alichimbiwa bwawa la maji kwa ajili ya kinu chake. Chini ya bwawa kulikuwa na mashimo ya zamani ya machimbo, naye hakuyajua. Maji yakapita humo na kufurika katika machimbo ya makaa ya jirani yake, Thomas Fletcher. Mwaka 1868 Baraza la Malodi likaamua ya kuwa Rylands lazima alipe, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mzembe. Aletaye na kukusanya katika shamba lake kitu cha hatari kisicho cha kawaida ya mahali pale, lazima akizuie kisitoke. Kikitoka na kuharibu, ni juu yake.

Sisi wakulima tusione jambo hili kuwa la mbali. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru, na watu zaidi ya 40 wakafa usiku ule. Mwenye bwawa, hata liwe dogo, na akague ukuta wake kabla ya mvua kubwa.

Mifugo nayo ina kanuni yake ya zamani. Ng'ombe wako wakiingia katika mahindi ya jirani, wewe ndiwe wa kulipa hasara, hata ukisema ya kuwa mchungaji alilala. Na mbwa ambaye unajua ni mkali, akimwuma mgeni, huwezi kusema hukujua.

Kadhalika, mfanyakazi wako akileta hasara akiwa katika kazi yako, wewe mwajiri waweza kudaiwa. Kama umemtuma apige dawa wakati wa upepo, na dawa ikapeperuka mpaka kwenye mizinga ya jirani na kuua nyuki, haifai kusema, "Mwulize kijana aliyeshika bomba."

Kosa likiwa la wote wawili

Mara nyingine aliyeumia naye ana kosa. Tuseme umeacha mtaro wazi kando ya njia, na mtu mzima akaanguka ndani usiku akiwa amelewa. Hapo hakimu anaweza kugawa lawama. Akiona ya kuwa nusu ya kosa ni la aliyeanguka, atapunguza fidia kwa nusu. Lakini wewe hutatoka bure.

Namna ya kutengeneza mambo

Ukiwa umedhurika, usikimbilie fimbo wala usikate ng'ombe wa mwenzako kwa panga. Ukifanya hivyo, wewe ndiye utakayeshtakiwa. Mwite jirani yako aione hasara siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi. Mwombe ofisa wa kilimo aikadirie kwa maandishi. Piga picha. Weka risiti zote za hospitali na za dawa.

Kisha jaribuni kupatana mbele ya wazee au chifu. Katiba ya mwaka 2010 yenyewe inasifu njia za mapatano. Mkipatana, andikeni na kutia sahihi, ili neno lisigeuke kesho.

Mkishindwa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Lakini usikawie. Kwa desturi, madai ya uzembe lazima yafikishwe kortini kabla ya miaka 3 kupita.

Mambo ya kufanya wiki hii

1. Weka dawa zote katika vyombo vyake vya asili vyenye maandishi, ndani ya sanduku au chumba chenye kufuli. Usitie dawa katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa.

2. Funika kisima na shimo kwa kifuniko ambacho mtoto hawezi kukiinua.

3. Zunguka shamba lako uone ua na seng'enge. Mahali palipolegea, paza.

4. Kabla ya kupiga dawa, tazama upepo, na mjulishe jirani mwenye nyuki.

5. Mwonyeshe mfanyakazi kazi yake vizuri, na umpe vifaa vya kujikinga.

Na ikiwa mtoto amekunywa dawa, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue chombo cha dawa daktari akisome.

Kazi hizi tano hazigharimu pesa nyingi. Kufuli moja na mbao chache za kufunikia kisima ni rahisi kuliko kuuza ng'ombe wawili kwa ajili ya fidia. Tena, ziko hasara ambazo korti haiwezi kuzirudisha. Hakimu anaweza kuamuru mahindi yalipwe kwa shilingi, lakini hana amri ya kumrudisha mtoto. Basi leo jioni, kabla ya kulala, ingia jikoni kwako utazame ile chupa iliyo karibu na dirisha ina kitu gani ndani yake.