Likizo ya Juni: Kitabu, Michembe na Watoto Wetu

Katika ukanda wetu huu wa Shinyanga na Geita, likizo ya Juni hutukuta na mavuno ya karanga na viazi, na watoto wasio na shughuli. Asiye na shughuli huitwa na mashimo ya dhahabu. Anaaga kwamba anakwenda kuchunga, kumbe anaponda mawe.

Mwaka mmoja kijana wetu wa darasa la sita alirudi jioni, macho mekundu kwa vumbi, mkononi ana shilingi elfu mbili. Tuliogopa. Sisi wauguzi tunajua vumbi la mawe linavyoharibu mapafu, na mvuke wa zebaki inayochomwa ili kupata dhahabu unavyodhuru ubongo wa mtoto. Tena sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mgodini aliye chini ya miaka 18. Lakini fimbo isingemkalisha nyumbani. Tulihitaji kitu cha kumvuta.

Mwalimu mstaafu wa kanisani kwetu akatuazima Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929. Robert Louis Stevenson alianza kukiandika huko Scotland mwaka 1881, familia ikiwa likizoni na mvua zikiwafungia ndani. Kila sura aliwasomea watu wa nyumbani, akiwamo mtoto wa mkewe. Basi, kitabu chenyewe kilizaliwa kwa kusomeana wakati wa likizo!

Tukaanza: sura moja kila usiku baada ya chakula. Baba alisoma, akiwa safarini, binti yetu wa darasa la saba alishika zamu. Mama asiyesoma vizuri asione haya, kwani kusikiliza na kuuliza ni kazi pia. Tulichemsha michembe mpaka ikalainika, tukatia karanga zilizotwangwa na chumvi kidogo. Siku nyingine yalikuwa matobolwa na chai. Watoto wa chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, maana huweza kuwapalia.

Sharti lilikuwa moja: aliyechelewa hasimuliwi yaliyopita. Wiki ya pili kijana alikuwa nyumbani kabla ya jua kuzama.

Tulipofika mahali mabaharia wanapouana kwa ajili ya hazina, akauliza, "Mama, hao waliokufa waliila lini hiyo hazina?" Hatukumjibu. Baba yake alifunga kitabu, tukasali.

Hatufichi: alikwenda tena mashimoni mara moja. Safari hiyo alitueleza mwenyewe, nasi tukaongea naye bila kugombana.

Wala hatusemi kitabu kinashibisha. Wapo watoto wanaokwenda mashimoni kwa kuwa nyumbani hakuna unga. Hao, sisi akina mama wa kanisa tuwapelekee chakula na madaftari kwanza, kisha tuwaite kwenye hadithi.

Kwa wadogo kuna Elisi katika Nchi ya Ajabu, kilichotoka kwa Kiswahili mwaka 1940. Ukikosa vitabu hivi vya zamani, soma habari za Yusufu na ndugu zake, au mwombe bibi asimulie za sungura na fisi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inatuagiza sisi wazazi kuwafundisha watoto nyumbani mwetu.

Mama mwenzetu, likizo ikifika, injika chungu cha michembe mapema, uwaite.