Juu ya Tandiko, Vilimani Chyulu

Kila tufunguapo mfereji hapa Mombasa, ni nadra kujiuliza maji yale yametoka wapi. Likizo iliyopita tulikwenda kupaona yanakoanzia, na tulikwenda kwa farasi.

Vilima vya Chyulu, vilivyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, ni miongoni mwa mahali pachache nchini ambapo mgeni hupanda farasi kati ya wanyamapori. Tulikuwa akina mama watatu na mabinti wawili. Punda wa Lamu twamjua. Farasi tulimsikia katika Suratul Aadiyat kabla hatujawahi kumgusa. Jamaa wengine walinong'ona kwamba tandiko si mahali pa mwanamke. Tuliondoka na idhini, lakini wasiwasi nao tuliubeba.

Stara haikutuzuia. Mabuibui tuliyaacha garini, kwa kuwa nguo ipeperukayo humtisha farasi na huweza kunasa. Tulivaa suruali pana na kanzu fupi za magotini, mashungi tukayabana kwa pini, kofia ngumu zikakaa juu yake. Viatu vilikuwa na kisigino, mguu usije ukapenya katika kikuku. Tulifundishwa kupanda kwa upande wa kushoto na kutomwendea farasi kwa nyuma, asikoweza kuona.

Tulipita katika nyasi ndefu, Kilimanjaro ukituchungulia kwa mbali. Pundamilia waliinua vichwa, wakatutazama, wakaendelea kula. Hapakuwa na mngurumo wa injini wa kuwakimbiza.

Kwenye ukingo wa msitu farasi wa mbele alisimama ghafla, masikio yameelekea vichakani. Kiongozi wetu aliinua mkono: nyati. Binti yetu mdogo, mwenye umri wa miaka 12, alizivuta hatamu kwa nguvu zake zote. Farasi wake akaanza kurudi nyuma, akitikisa kichwa.

"Mwanangu, legeza," alisema kiongozi kwa sauti ya chini. "Ukimkaza, hofu yako inakuwa yake."

Mama yake alitaka kupiga ukelele, akajizuia. Mtoto alivuta pumzi, akalegeza vidole kimoja kimoja. Farasi akatulia. Tuligeuza polepole, tukarudi tulikotoka, bila shoti wala kelele.

Adhuhuri ilipoingia tulitia udhu kwa maji ya chupa tuliyoyajaza nyumbani. Hapo kiongozi akatabasamu: "Mmeyarudisha kwao." Akatueleza kuwa vilima hivi ni vya volkano, mwamba wake una matundu, na hakuna mto juu yake. Mvua huzama, ikasafiri chini ya ardhi hadi chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi. Kutoka huko, tangu miaka ya 1950, bomba la zaidi ya kilomita 200 huleta Mombasa sehemu ya maji yake. Msitu tuliougeuzia mgongo kwa ajili ya nyati ndio unaoihifadhi mvua ile. Ukichomwa au ukikatwa, kiu yake itatufikia mifereji yetu.

Siku hizi binti yule hufunga mfereji unaodondoka bila kuambiwa. Na ndugu yake mdogo anapomchokoza, tumemwona akivuta pumzi na kulegeza vidole. Wale walionong'ona wameanza kuuliza tutakwenda tena lini. Inshallah, likizo ijayo.