Soko la alama: nani anakula kwenye mtihani wa LSAT

Dola 238. Hiyo ndiyo ilikuwa ada ya kufanya LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria vya Marekani, katika msimu wa 2024–25. Ongeza dola 207 za CAS, huduma inayokusanya matokeo yako ya chuo na barua za mapendekezo na kuyaweka katika faili moja, kisha dola 45 kwa kila chuo kitakachopelekewa faili hilo. Mwombaji wa vyuo 10 anakuwa ameshatoa dola 895 kabla ya ada za maombi ambazo vyuo vyenyewe hutoza, na hata kitabu cha mazoezi hajanunua.

Fedha hizo zote zinaingia mfuko mmoja: wa LSAC, baraza la udahili wa vyuo vya sheria lenye makao Newtown, Pennsylvania. Liliundwa mwaka 1947, vyuo vilipokuwa vikifurika maombi ya askari waliorudi kutoka vitani, na mtihani wa kwanza ukafanyika Februari 1948. Kisheria ni taasisi isiyo ya faida, na waombaji wasio na uwezo huwasamehe ada. Lakini itazame kwa jicho la mfanyabiashara. Ndiyo inayotunga mtihani, ndiyo inayopitisha maombi, na ndiyo inayomiliki malighafi ya kila anayeuza masomo ya kujiandaa, kwa sababu maswali halisi ya miaka iliyopita ni mali yake. Kampuni ya tuisheni ikiyataka hulipia leseni, na mwanafunzi naye hutakiwa kuwa na usajili wa LawHub, jukwaa la LSAC lenyewe, uliokuwa dola 120 kwa mwaka. Kuna hata ada ya kuiona alama yako kwanza ndipo uamue kama unaifuta. Wafanyabiashara wa Kariakoo wangeivulia kofia.

Hata hivyo, fedha kubwa haziko kwenye ada. Ziko kwenye alama.

LSAT husahihishwa kwa kipimo cha 120 hadi 180, kilichoanza kutumika mwaka 1991. Kila chuo chenye ithibati ya Chama cha Wanasheria wa Marekani, ABA, na viko karibu 200, hulazimika kila mwaka kutangaza hadharani alama ya kati ya wanafunzi wake wapya, yaani ile ambayo nusu yao wako juu yake na nusu chini yake. Takwimu hizo huingia katika orodha ya ubora ya vyuo inayotolewa na U.S. News, na wakuu wa vyuo huisoma orodha hiyo kama wakulima wanavyosoma mawingu. Yale na Harvard zilitangaza kujitoa katika orodha hiyo Novemba 2022, vyuo vingine vikafuata, na mwaka uliofuata orodha ikapunguza uzito wa alama za kuingilia. Alama ya kati haikupoteza thamani kwa hilo. Yale na Harvard bado ziko karibu na 174, na chuo chenye 160 bado kinatamani 161.

Namna ya kuipandisha ni kuwanunua wanafunzi wenye alama za juu, na malipo hufanywa kwa kupunguza ada. Chukua chuo cha mfano chenye ada ya dola 50,000 kwa mwaka na alama ya kati ya 160. Mwombaji wa 158 anaweza kukubaliwa kwa ada kamili. Mwenzake wa 163, mwenye matokeo yaleyale ya chuo, anapewa punguzo la dola 30,000 kila mwaka. Kwa miaka mitatu ya JD, shahada ya sheria ya Marekani, ni dola 90,000, tofauti iliyoletwa na majibu machache tu katika mtihani wa saa mbili na ushee. Pale Columbia, ambako ada pekee imeshavuka dola 80,000 kwa mwaka, hesabu inakuwa nzito zaidi. Mzazi anayeuliza kwa nini mtoto wake alipe zaidi ya dola 1,000 kwa kozi ya LSAT, jibu lake ni hilo.

Biashara ya kozi hizo ina ukongwe wake. Stanley Kaplan alianza kufundisha wanafunzi wa mitihani Brooklyn mwaka 1938, na kampuni yake ikauzwa kwa Washington Post mwaka 1984. Princeton Review ilikuja mwaka 1981. Lakini kilichoipa biashara hii pumzi mpya ni badiliko la kanuni. Hadi mwaka 2006, aliyerudia LSAT alihesabiwa wastani wa alama zake. Mwaka huo ABA ikaruhusu vyuo kutangaza alama ya juu kabisa ya kila mwanafunzi. Basi kurudia, ambako kulikuwa hatari, kukawa na faida tupu, na mteja wa kozi moja akageuka mteja wa kozi mbili. Zamani mtihani ulifanyika mara 4 kwa mwaka, sasa ni mara 8 hivi. LSAC imeweka mpaka wa mara 7 katika maisha ya mtu.

Ni soko linalopanda na kushuka kwa jinsi ajira inavyokwenda. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, vijana wengi waliokosa kazi walikimbilia sheria, na msimu wa 2009–10 LSAT ikafanywa zaidi ya mara 171,000. Ilipojulikana kwamba hata mawakili wapya hawapati kazi, idadi ikaanguka hadi takriban 101,000 msimu wa 2014–15. Sasa upepo umegeuka tena: katika msimu wa 2024–25 waombaji wa vyuo vya sheria waliongezeka kwa karibu asilimia 18. Waombaji wakiongezeka na viti vikabaki vilevile, alama ya jana hainunui kiti cha leo, na walimu wa tuisheni hawakosi wateja.

Pigo kubwa zaidi kwa walimu hao, hata hivyo, halikutoka kwenye uchumi. Kwa miongo kadhaa LSAT ilikuwa na sehemu ya mafumbo ya kupanga: watu saba wakae viti saba, Juma asikae jirani na Asha, Rashidi awe kushoto kwa Neema, kisha uulizwe nani anaweza kukaa kiti cha nne. Dawa yake ilikuwa kuchora. Ilikuwa sehemu inayomtisha mgeni na inayofundishika kuliko zote. Mtu aliyeanza akikosa nusu ya maswali aliweza kwa miezi michache kuyapata karibu yote, na hakuna tangazo la biashara linaloshinda hilo. 7Sage, moja ya kampuni zilizozaliwa na intaneti, ilijijengea jina kwa kuweka bure video za kufumbua mafumbo hayo.

Lakini anayeona ndiye anayechora. Angelo Binno, kijana wa Michigan asiyeona, alifungua kesi mwaka 2011 akidai kwamba mtihani unaomtaka mtu achore unawabagua vipofu. Mwaka 2019 LSAC ilipatana naye na kuahidi kutafuta njia nyingine ndani ya miaka minne. Agosti 2024 mafumbo yakaondoka. Sasa mtihani una vipande vinne vya dakika 35 kila kimoja: viwili vya kupima hoja na kimoja cha ufahamu, ambavyo huhesabiwa, pamoja na kimoja cha majaribio kisichohesabiwa, ila mtahiniwa haambiwi ni kipi. Uandishi hufanywa kando. Siku ileile rafu nzima za vitabu vya mafumbo ziligeuka karatasi za kufungia vitumbua.

Kilichobaki ni kigumu zaidi kuuza. Tazama swali la aina inayotawala sasa, nililolitunga kwa mfano:

Tangu manispaa iweke taa katika Mtaa wa Soko, wizi wa usiku mtaani hapo umepungua kwa nusu. Kwa hiyo taa ndizo zilizowafukuza wezi. Lipi kati ya haya, kama ni kweli, linaidhoofisha zaidi hoja hiyo? (A) Taa hizo zinagharimu umeme mwingi. (B) Mwezi taa zilipowekwa, wenye maduka ya mtaa huo walianza kuondoka na bidhaa zao kila jioni. (C) Katika mitaa ya jirani isiyo na taa, wizi haukupungua. (D) Wakazi wengi wanazifurahia taa hizo. (E) Manispaa ina mpango wa kuweka taa katika mitaa mingine.

Jibu ni B: huenda wezi hawakukimbia mwanga, ila hawakukuta cha kuiba. Anayekosa mara nyingi huchagua C, kwa sababu inazungumzia mada yenyewe na ina harufu ya ushahidi. Kumbe C inaitia hoja nguvu. Ukilisoma kwa raha zako ni swali jepesi. Tatizo ni kwamba yako kama 25 katika kipande kimoja, kwa hiyo kila moja lina dakika na sekunde ishirini na kitu, na mengi yameandikwa kwa sentensi zilizojipinda kuliko hii. Ustadi huo ni wa msomaji, na msomaji hatengenezwi kwa wiki sita. Mwalimu anaweza kukuonyesha mtego, lakini kuuona mwenyewe katika swali la 19 ukiwa umechoka ni matunda ya mamia ya maswali uliyokosa na kurudia kuyachambua.

Ndiyo maana kampuni zimehama. Darasa la miezi mitatu linaipisha huduma ya kulipia kila mwezi yenye video, maswali na takwimu za makosa yako. Mkufunzi binafsi bado yupo, na mwenye jina hutoza zaidi ya dola 150 kwa saa. Kundi linalostawi ni la washauri wa maombi, wanaokusaidia kuandika insha binafsi, kuchagua vyuo na kujadiliana punguzo la ada, kwa maelfu ya dola. Kundi hilo lilipata hoja mpya Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataza vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo, kwa sababu simulizi ya maisha ya mtu sasa hupitia zaidi katika insha. Sina imani kubwa na washauri hawa. Wanachouza kwa bei kubwa zaidi, yaani orodha ya vyuo vya kuomba na nafasi ya kupata punguzo, kipo bure kwenye ripoti ambayo kila chuo hulazimika kuitoa, ile inayoitwa 509. Humo mna alama ya kati, alama za robo ya juu na ya chini, idadi ya wanaopata nusu ya ada au zaidi, na jambo ambalo watu hulipita: ni wangapi waliopewa punguzo lenye masharti na wakalipoteza baada ya mwaka wa kwanza.

Siri nyingine wanayouza ni kalenda. Vyuo vingi hufungua dirisha mwezi Septemba na kujibu kadiri maombi yanavyofika, kwa hiyo faili la Oktoba linakuta viti na fedha zaidi kuliko la Februari. Anayejifunga mapema kwa chuo kimoja huongeza nafasi ya kukubaliwa, lakini amejinyima silaha ya kujadiliana, maana punguzo huombwa kwa kuonyesha barua ya chuo kingine.

Kuna pia mambo mawili mapya ya kuhesabu. La kwanza ni udanganyifu. Kwa janga la korona mwaka 2020 LSAT ilianza kufanyiwa nyumbani mbele ya kamera, na hapo likachipuka soko la giza la kuuza maswali. LSAC ilisimamisha mtihani wa mtandaoni China bara mwaka 2025, kisha ikatangaza kwamba kuanzia Agosti 2026 watahiniwa karibu wote watarudi vituoni. La pili ni mikopo. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inafuta mkopo wa serikali uliokuwa ukiziba gharama yote ya shahada za juu. Kuanzia Julai 1, 2026, mwanafunzi mpya wa sheria anaweza kukopa serikalini hadi dola 50,000 kwa mwaka na si zaidi ya 200,000 kwa jumla. Pengo atalijaza kwa mkopo wa benki au kwa punguzo la ada, na punguzo linafuata alama. Sioni namna bei ya tuisheni itakavyoshuka.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala mambo yako tofauti kidogo. CAS haigeuzi matokeo ya chuo cha huku kuwa wastani wa Kimarekani; huyapa daraja la maelezo tu. Kwa hiyo matokeo yako hayaingii katika wastani ambao chuo hutangaza, na LSAT inabeba mzigo mkubwa zaidi. Mkopo wa serikali ya Marekani kwa kawaida huupati kama huna uraia au ukaazi wa kudumu, hivyo bila punguzo la maana JD ni safari ya wenye nacho. Kijana wa familia iliyohamia Texas au Minnesota, mwenye ukaazi, hesabu zake ni za Wamarekani, na namshauri anunue kwanza LawHub na saa mia kadhaa za mazoezi, ndipo afikirie mwalimu. Aliye na LLB tayari aanze na swali jingine. LLM, shahada ya uzamili ya sheria, ni ya mwaka mmoja na haidai LSAT, na New York huwaruhusu baadhi ya wahitimu wa nchi zinazofuata sheria za asili ya Kiingereza kuketi mtihani wake wa uwakili hata bila LLM. Aiandikie kwanza bodi ya mitihani ya jimbo hilo. Kozi ya LSAT isubiri jibu lake.